Unywele Ndani ya Epoksi

Fundi Badi alimkabidhi Bwana Nassor mwanzi wake wa kuvulia, akajipangusa jasho kiparani. Epoksi, ile gundi ya kung'arisha iliyofunika nakshi za nyuzi, ilikuwa laini kama kioo, haina povu wala tone lililochuruzika.

"Mkono huu, fundi, si wa kila mtu!"

"Mazoea tu, bwana," Badi alijibu, kama anavyowajibu wote.

Bwana Nassor akaugeuza mwanzi mwangani, akaangua kicheko. "Na unywele huu mrefu ulioganda humu ndani? Wewe na nywele wapi na wapi?"

Mkewe, Mize, aliyekuwa akiwaandalia kahawa, akauvuta mtandio hadi kwenye paji la uso.

"Ni wangu, shemeji," akasema upesi. "Nilimpitia na chai akiwa anapaka, ukadondoka."

Uso wa Badi ukawaka. Hata uongo nao kafanyiwa.

"Basi uondoe, fundi. Nangoja hapa hapa."

Badi akachukua msasa, akausogeza kwenye epoksi, akasita. Hakujua aanzie wapi. Akainua macho kwa kuibia. Nyuma ya mgeni, Mize alikuwa amesimama, na kidole chake chenye gundi iliyokaukia kuchani kilikuwa kikichora viduara vidogo, polepole, juu ya sinia tupu.