Namba Ishirini na Saba

Viatu vilikuwa safi, lakini Wilfrido alivifuta tena.

"Utavitoboa kwa kuvifuta," Mzee Nabor, mtunza vifaa wa timu, alimwambia. "Nyasi za mechi zenyewe havijazijua."

Kweli. Tangu asajiliwe kuwa kiungo, kila mechi alipasha misuli, akakimbia pembeni ya mstari, akarudi kukaa. Wenzake walimwita Tiketi ya Bure. Alirudi kambini amechoka kuliko waliocheza, na hakuna aliyemwambia pole.

Viatu alinunuliwa na mama yake sokoni kwao Zimatlán, rangi ya chungwa linalowaka. Namba ishirini na saba, kwa vipimo vya huko. Na jezi aliyopewa ikawa nayo ishirini na saba. Mama akasema hiyo ni bahati.

Asubuhi ya mechi ya mwisho mama alimpigia simu.

"TV yetu ni chenga tupu, mwanangu. Sura za watu sizioni. Ila hivyo viatu nitavijua tu. Leo utaingia?"

"Nitaingia, mama."

Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu. Mwalimu Ocampo alishasema: ambaye hajakanyaga uwanja msimu huu, asingoje mkataba mwingine. Huko nyumbani tanuru la matofali la baba lilikuwa linamngoja.

Wakafika dakika za mwishomwisho wakiwa sare, bao moja kwa moja. Mara Baltazar, kiungo ambaye timu nzima ilimtegemea, akakaa chini ameshika mguu. Akapunga mkono kuelekea benchi.

"Tiketi ya Bure, amka!" Jirani yake alimpiga kiwiko. "Leo utalipa kiingilio, kaka."

Wilfrido alikuwa ameshavua koti.

Mzee Nabor alipekua begi lake mpaka chini, akamnong'oneza Mwalimu, akatikisa kichwa. Mwalimu akageukia benchi. Akawapita huyu na huyu, macho yakatua kwa Wilfrido.

"Wewe! Unavaa namba ngapi?"

Msimu mzima, na bado hajui hata namba yake. Haidhuru.

"Ishirini na saba, Mwalimu!"

"Sawasawa na Baltazar. Vua viatu, fanya haraka. Chake kimebanduka soli."

Wilfrido akabaki na soksi juu ya saruji. Viatu vya rangi ya chungwa vikaingia uwanjani mbio, na kule Zimatlán mama alikuwa ameshatoka mlangoni, anaita majirani waje wamwone mwanawe.