Mtu wa Saba Nyumbani kwa Mama Selwin

"Sitamki," alisema Mama Selwin, vidole vikiendelea kusuka ukili. "Hata serikali ije na bunduki."

Edwina alishusha pumzi. Kishikwambi cha sensa kilikuwa kimekwama kwenye mstari wa kwanza: jina la mkuu wa kaya. Mkuu wa kaya ni baba mkwe wake Mama Selwin, na kwetu kisiwani Maewo jina la mkwe halipiti mdomoni, awe baba mkwe, mama mkwe, au mke wa mwanao. Ukiteleza ukalitaja, unalipa nguruwe. Wakubwa wa mjini waliotunga yale maswali ama hawakulijua hilo, ama walilijua wakapuuza, maana kile kidude hakisogei bila jina.

"Sasa niandike nini, mama?"

"Si umuulize mwenye jina mwenyewe?"

"Garae!" ilitoka sauti ya mzee jikoni, katikati ya kikohozi. "Andika Garae! Na mtu aniletee gimbi langu, nakufa njaa!"

Edwina akacheka, akaandika. Siku nyingine angecheka zaidi. Leo alitaka amalize upesi aondoke. Wiki nzima alikuwa akilala kwa shangazi yake huku mlimani, mbali na kwao pwani, akihesabu watu wa kila kibanda isipokuwa hiki. Selwin, mtoto wa nyumba hii, alikuwa Nyuzilandi akichuma matufaha. Kabla hajapanda ndege alimwambia, "Nimeshamweleza mama kwamba ninayemtaka ni wewe. Atajibu."

Miezi minne sasa. Mama hajajibu, na Edwina amekonda kwa kungoja.

Tena leo ndiyo ilikuwa mbaya kabisa. Zamani, wakitoka kanisani, Mama Selwin alikuwa akimwita mpaka popo wanaruka mitini: "Edwinaaa! Njoo uchukue machungwa!" Leo ni "wewe mwenye kishikwambi". Alimwonyesha kwa kidevu mkeka wa kukalia, mpya, bado unanuka rangi, kisha akampa mgongo nusu na kuendelea na kazi yake. Hata kipande cha chungwa hakumpa.

Wa pili alikuwa mume wa Mama Selwin.

"Huyo namtaja hata kwa matusi," alisema mama. "Andika Viraleo. Ameshuka na ndugu zake tangu alfajiri."

Wa tatu mama mwenyewe. Wa nne Selwin, na hapo kidole cha Edwina kilikosea herufi mara mbili. Wa tano na wa sita ni mapacha wa kike wa miaka tisa, waliotumwa kupalilia magimbi na badala yake walikuwa mtoni wakirushiana maji. Kelele zao zilisikika mpaka pale.

Kikafuata kifungu cha mifugo.

"Nguruwe wangapi, mama?"

"Jana wanne. Leo mmoja."

"Hao watatu wamekufa?"

"Wamekwenda kutembea."

Edwina hakuwa na nguvu za kubishana na mtu kuhusu matembezi ya nguruwe. Akaandika mmoja. "Basi, watu sita. Asante, mama." Akaanza kunyanyuka.

"Kaa chini. Wa saba hujamwandika."

"Wa saba nani?"

"Mke wa mwanangu."

Edwina akakaa. "Mke wa Selwin?"

"Kwani nina mwana mwingine wa kiume?"

Miezi minne anangoja kama mjinga, kumbe watu wamekwisha kupatana! Ni yule binti wa katekista, bila shaka, yule anayeimba kwa kufumba macho. Aliumia, jamani, aliumia hasa. Lakini kazi ni kazi, na sheria inasema mhesabu watu asionyeshe hisia zake usoni.

"Ameingia lini katika nyumba hii?"

"Leo asubuhi. Hukusikia kombe la baharini likipulizwa kule chini pwani? Baba yake amepokea mahari, nguruwe watatu, mmoja meno yamepinda duara kamili, wa thamani kuliko wote. Nimemlisha miaka saba yule, kwa mkono wangu huu."

"Basi ndiko walikokwenda kutembea," alisema Edwina, taratibu.

"Ndiko."

"Umri wa huyo mkwe wako?"

"Sijui. Meno yote anayo, nimemchungulia."

"Elimu?"

"Amesoma mpaka imezidi. Kutwa ni maswali."

"Na wewe, mama, umemridhia?" Swali hilo halikuwamo kwenye kishikwambi. Lilimtoka tu.

Mama Selwin aliukaza ukili. "Nilichelewa kusema kwa sababu meno ya nguruwe yalikuwa hayajafunga duara. Mtu unayempenda humtolei nguruwe wa nusu."

Chozi likadondoka juu ya kioo, na kishikwambi kikaruka chenyewe hadi kwenye swali la vyoo. Edwina akakipangusa kwa kiganja, akakirudisha nyuma mpaka mstari wa saba.

"Jina lake?"

"Sitamki. Si nimesema ni mkwe wangu?"

"Nani basi atanitajia?"

"Na hili pia nimeshakwambia. Muulize mwenye jina mwenyewe."

"Yuko wapi?"

Mama Selwin akakata ukili kwa meno, akatabasamu akiwa bado amegeukia pembeni.

"Huyo hapo, kaukalia mkeka wake wa arusi, anakilowesha kishikwambi cha serikali."