Siku Nesi Kanga Alipofunga Mizigo

Msitu mzima ulikuwa na nesi mmoja tu, Kanga, na siku hiyo alikuwa amefunga mizigo. Hospitali kubwa ya Simba ilikuwa imemwita akafanye kazi huko.

Tembo, mkuu wa zahanati, akahaha. Akampa cheti cha mfanyakazi bora. Kanga akakipokea, akajipepea nacho.

"Sasa nikupe nini ubaki, dada yangu?"

"Nimechoka, Mzee Tembo. Nachoma sindano, napigwa mateke, na hakuna anayenikumbuka. Nikimaliza chanjo za leo najiendea zangu."

Mara Mama Nungunungu akaingia akimvuta mwanawe, aliyekuwa akilia kwa kuogopa sindano.

"Una miiba mgongo mzima, unaogopa kasindano kamoja?" Kanga akamtania. Mtoto akacheka, na kabla hajamaliza kucheka alikuwa ameshachomwa.

"Shujaa wangu! Anaitwa nani huyu?"

"Kanga."

"Nauliza jina la mtoto, mama."

"Ndilo hilo. Si wewe uliyenizalisha kwenye ile mvua, mimi nimeshakata tamaa?"

Mama Ngiri akadakia kutoka kwenye foleni: "Hata huyu wangu ni Kanga!"

Nesi akageuka, akajifuta macho kwa bawa. Kisha akafungua mizigo, akatoa kofia yake ya kazi, akaivaa.

Tembo akafurahi, halafu akanuna. "Miaka yote niko hapa, mbona hakuna hata panya anayeitwa Tembo?"

Kanga akamkabidhi beseni la maji ya moto. "Pita chumba cha pili, Mzee. Kuna panya ameshikwa na uchungu."