Jedwali la Watu Thelathini

Walikubaliana kuyafuta majina. Siku tisa nzima wajumbe wa Katiba waliokaa upande wa dirisha na wale waliokaa upande wa mlango walikuwa wamegombania wafungwa wa kuachiwa siku ya uhuru, maana kila jina lilikuwa na kwao, na kila likisomwa kulikuwa na mtu aliyenuna. Siku ya kumi mmoja wao akasema ziandikwe namba za gerezani tu. Wote wakapumua.

Mpiga chapa ndiye hakupumua. Alikuwa mwanamke mkimya, asiyekosea herufi, na mumewe alikuwa katika mwaka wake wa tatu kizuizini. Ofisi nzima ilimwita Mke wa Shujaa. Wajumbe wenye mvi zao walikuwa wakiinuka kumpisha kwenye kiti. Aliwashukuru kwa kichwa, akakaa, akaivuta mashine yake karibu.

Kila rasimu ilipitia mikononi mwake, kwa hiyo aliiona Katiba ikilika kama kipande cha sabuni. Jedwali la wafungwa, mwisho wa kitabu, lilianza na watu mia moja na kumi na wawili. Upande wa mlango ukataka ibara ya arobaini, ya kuiruhusu serikali imfunge mtu bila kumfikisha mahakamani. Upande wa dirisha, ambao nusu yao walishafungwa hivyo hivyo, ukakataa katakata. Wakavutana, wakanywa chai, wakapunguziana. Ibara ya arobaini ikabaki. Wafungwa wakawa sitini, halafu thelathini.

"Na hao thelathini hawaongezwi wala hawapunguzwi," Karani Mkuu alisema, akimletea orodha ya mwisho iliyoandikwa kwa mkono. Alisimama kulia kwake, kama kawaida, kwa kuwa mwanamke yule alikuwa hasikii kwa sikio la kushoto. "Upande wa mlango wameng'ang'ania jedwali liwe sehemu ya Katiba. Kulibadilisha ni mpaka theluthi mbili ya Bunge. Na watu hawa, hata saa ya kula hawakubaliani."

"Sasa mzee, nani anajua nani yumo humu?"

"Waliowachagua, basi. Sisi wengine tutawaona getini." Akashusha sauti. "Lakini wewe namba ya mumeo unaijua, bibie. Namwomba Mungu awemo."

Aliijua. Ilikuwa 417. Aliijua pia 389, namba ya mtoto wa Mama Chai, mhudumu wa chai pale ofisini, kwa sababu mama huyo hakujua kuandika, na vifurushi vyote vya kwenda gerezani aliandikiwa na yeye.

Karani alipotoka kwenda kuwaita wajumbe, mpiga chapa alitembeza kidole juu ya orodha, polepole, mpaka chini. Kati ya namba zile mbili, moja ilikuwamo. Nyingine haikuwamo.

Mama Chai akaingia na birika, akaweka kikombe pembeni mwa mashine.

"Wako yumo, mwanangu?"

"Bado sijafika huko, mama."

"Ukifika, hata kama wangu hayumo, usinifiche. Mimi nimeshajiandaa."

Alimimina chai mpaka kikombe kikafurika. Hakuwa amejiandaa na lolote. Mpiga chapa hakuweza kumtazama usoni, akajifanya anarekebisha utepe wa wino mpaka mama akaenda zake.

Aliogopa. Kumwingiza mmoja kulikuwa kumwacha mwingine nyuma ya ukuta ule, labda maisha yake yote, na ibara ya arobaini ikiwa imekaa kama bawabu. Alilijua hilo vizuri, alikuwa ameipiga chapa mwenyewe mara sita. Alipofika mstari wa ishirini na mbili, aliiacha namba iliyokuwamo, akaandika mahali pake ile isiyokuwamo.

Karani akarudi. Ibara alizisoma moja moja, akazilinganisha na mwandiko. Lilipofika jedwali, alihesabu mistari kwa ncha ya kalamu.

"Thelathini," akasema. "Mkono wako haujawahi kukosea."

Kisha akaichoma ile orodha kwenye bakuli la bati, kama ilivyokuwa amri kwa kila rasimu. Mchana huo huo pande zote mbili zikatia saini.

Asubuhi ya uhuru watu walijaa mbele ya gereza. Walimpisha Mke wa Shujaa mpaka mstari wa mbele kabisa. Mama Chai alisimama kushoto kwake, amevaa gauni la kuazima. Wafungwa walitoka mmoja mmoja, wakipepesa macho, na mpiga chapa akawahesabu kimoyomoyo. Wa ishirini na mbili alikuwa kijana aliyekonda, kifurushi kwapani. Mama Chai akamwangukia shingoni bila kutoa sauti.

Alipotoka wa thelathini, askari wakalifunga geti.

Watu wakatazamana: Shujaa hakuwamo. Wajumbe wa dirishani wakasema wenzao wamewachezea rafu. Wa mlangoni wakaapa hawajui kitu. Kisha wote wakaikumbuka theluthi mbili, wakaacha kulaumiana.

"Na wako, mwanangu?" Mama Chai akauliza huku analia, mkono mmoja bado umemshika mwanawe. "Wako yuko wapi?"

Mpiga chapa hakumsikia. Mama alikuwa upande wa kushoto, na sauti ya mwisho kuingia sikio lile, miaka minne nyuma, ilikuwa ya mumewe akizungusha ufunguo wa chumba kwa ndani, kabla hajainua mkono.