Mpaka Kanda Iishe

Saa saba mchana, wenzake walipokwenda kula, Masha aliufunga mlango wa chumba cha kanda cha chuo kwa ufunguo, akavuta pazia, akaanza kuiba.

Anayeibiwa ni nani hasa, hata yeye hakujua. Labda redio, labda chuo. Kanda tupu ilikuwa yake, ameinunua sokoni Marikiti kwa pesa zake mwenyewe. Alichoiba ni sauti: dakika ishirini na mbili za marehemu Sheikhan, fundi wa makubadhi, akieleza ngozi inavyokatwa. Mashine mbili zilizunguka, moja ikitoa, nyingine ikipokea, na jasho likamtoka Masha, mtu mzima na mvi zake, kama mtoto anayedokoa nyama chunguni.

Haki yake kutoka jasho. Masharti yalikuwa ukutani juu ya kichwa chake, na aliyeyapiga taipu ni yeye. Vipindi vya redio vinanaswa kwa kufundishia tu. Kanda haiazimwi wala hainakiliwi. Msikilizaji haachwi peke yake na kanda. Mtunzaji ataketi naye mpaka iishe. Miezi kumi na miwili ikitimia, kanda ifutwe. Musyoka, aliyekuwa mtunzaji kabla yake, alinakili kanda moja tu, akaonyeshwa mlango. Masha alibakisha miaka minne kustaafu.

Na yote haya kwa ajili ya Bi Mwanaesha, mjane wa fundi huyo. Sheikhan alifariki mwezi mmoja baada ya kusikika redioni, na tangu hapo, kila Alhamisi, mkewe alitembea kutoka Mji wa Kale hadi chuoni, karibu na Buxton, chupa ya kahawa mkononi. Mwalimu wa Kiswahili, aliyeitumia kanda ile kufundishia Kimvita, alimwandikisha bibi kuwa msikilizaji wa darasa lake, ili masharti yasije yakalalamika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo utaketi?"

Kila wiki swali ni hilo hilo. Kila wiki Masha alijibu kwa haya, "Ndivyo masharti yanavyosema, bibi. Niwie radhi."

Alimwonea huruma. Jamani, mke na sauti ya mumewe, na katikati yao mtu baki kakaa kama askari jela! Masha alijitahidi kutazama dirishani, ila Bi Mwanaesha hakumpa nafasi. Alimmiminia kahawa. Alimgusa mkono kwa ncha ya mtandio. "Wasikia hapo? Hapo aongopa. Ngozi ile nilimkatia mimi." Alikijua kila kikohozi cha mumewe, midomo yake iliyatangulia maneno. Siku nyingine walicheka wote wawili mpaka wakapitwa na dakika nzima, ikabidi kanda irudishwe nyuma.

Masha aliishi Tudor, chumba kimoja. Tangu mkewe Dama arudi kwao Kaloleni, hakuna aliyemwuliza kama amekula. Mwenyewe hakujiuliza kwa nini kila Jumatano jioni alipiga pasi shati lake zuri.

Kisha mwaka ukatimia.

"Bibi, wiki ijayo hii yafutwa," alimwambia. "Ndiyo sheria."

Bi Mwanaesha akaweka kikombe chini. "Kwa hivyo Alhamisi ndiyo basi?"

Swali hilo lilimtafuna Masha siku nne. Siku ya tano akanunua kanda tupu.

Alhamisi ya mwisho alimpa ile nakala, kaifunga kwenye karatasi ya kaki na uzi. "Hii ni yako, bibi. Usimwambie mtu, nitafukuzwa. Kaisikilize nyumbani kwako, wakati wowote upendao, bila kukaliwa na mtu."

"Bila kukaliwa na mtu," bibi alirudia.

Akaitia mkobani. Machozi yalimlengalenga, akaondoka hata kahawa haijamalizika. Masha akajisemea kwamba kwa mara ya kwanza kazini ametenda jambo la maana. Aliifuta kanda ya chuo, akatia sahihi daftarini.

Alhamisi iliyofuata kiti kilikuwa kitupu. Ya pili vilevile. Ya tatu shati lilikuwa limepigwa pasi, na saa kumi Masha akajikuta Marikiti ananunua machungwa ya kumpelekea bibi kwake Mji wa Kale. Alijiambia huenda nakala ina kasoro. Alijiambia huenda bibi anaumwa. Ukweli ni kwamba upweke ulikuwa umemshinda, lakini mwanamume ataanzaje kusema hivyo mlangoni kwa watu?

Bi Mwanaesha alifungua mwenyewe. Akaacha mlango wazi, kama ilivyo ada mgeni akiwa mwanamume, akamkaribisha sebuleni. Nyumba ilikuwa kubwa na kimya. Wanawe wote wako Uarabuni. Juu ya kabati, kando ya redio, Masha aliiona ile karatasi ya kaki. Uzi ulikuwa umefungwa vile vile alivyoufunga yeye.

"Bibi, mbona hujaifungua? Redio imeharibika?"

"Redio nzima, mwanangu."

Akavuta droo ya kabati. Ndani mlikuwa na kanda tatu zilizochakaa, zote zimeandikwa jina la Sheikhan kwa kalamu ya bibi, na chini yake tarehe ile ile ya Novemba 1994 ambayo chuo kilinasa kipindi.

"Moja niliinasa mwenyewe siku ile ile," alisema. "Hizi mbili nilipewa na majirani."

Masha alisimama na machungwa yake mkononi, hajui ayaweke wapi. Bi Mwanaesha alitia kanda kwenye redio, akamimina kahawa vikombe viwili, akamvutia kiti.

"Sasa keti. Masharti si yasema mtu asiachwe peke yake mpaka kanda iishe?"