Besi Iliyopotea

"Shemeji, gari hili la muziki liuzwe tu," alisema Makame, mdogo wa marehemu. "Tangu nilipozifunga upya, kila spika ya besi ikipiga peke yake, inanguruma. Nikiziwasha zote mbili, besi inapotea. Kaka kazikwa na ujuzi wake."

Subira hakutaka gari la mumewe liuzwe. Alichomoa waya za spika zote mbili kwenye amplifaya, akazigusisha betri ya tochi, spika moja baada ya nyingine. Spika ya kwanza ikatuna nje. Ya pili ikanywea ndani.

"Moja inasukuma hewa, nyingine inavuta, zinauana," alisema. "Shemeji, hii umeifunga miguu juu!"

Akageuza waya za ile ya pili, akarudisha zote mahali pake.

"Washa!"

Vioo vikatetemeka, kuku wakatawanyika.

"Haliuzwi!" Makame alipiga kelele.

Subira akaweka kiganja juu ya spika. Ikawa inakiinua na kukishusha, kama kifua cha mtu aliyelala.