Matanga Yanahama

"Hao wanaolia humo kwenye simu, nani kati yao ameleta hata kuni?" Bi Salme alifoka.

"Mama, punguza ukali," bintiye Zaituni alimjibu. "Kundi zima la mtaa limetoa pole. Na kaka Athumani ameyaona maziko ya bibi akiwa huko ughaibuni. Si neema hiyo?"

"Athumani hana lawama, yuko mbali. Lakini Mama Pili, tunayechangia naye ukuta! Ananitumia ua la kwenye simu mimi? Nilinuse?"

Zaituni nusura acheke, akainamisha kichwa.

Ilikuwa siku ya pili ya matanga. Birika la kahawa lilikuwa limepoa, na juu ya mkeka hapakuwa na mtu ila wao wawili. Bi Salme alikuwa hajamlilia mama yake bado. Kilio hupokezanwa, naye hakuwa na wa kumpokea.

"Basi matanga yanahama," alisema.

Akaukunja mkeka, akautia kwapani, akatoka. Akautandika barazani kwa Mama Pili, akaketi, akanyoosha miguu. Kisha, bila kubisha hodi, akaangua kilio.

Mle ndani, redio ikazimwa.